VA wamenikatalia mgongo na PTSD, nami niko Moshi: nikate rufaa yote kwa pamoja?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mzaliwa wa Kibosho. Niliingia Jeshi la Marekani mwaka 2010 kupitia MAVNI, mpango wa kuandikisha wageni wenye ujuzi maalumu, nikaendesha malori, nikapelekwa Afghanistan, nikatoka 2015 kwa cheti safi. Mapema 2024 nilirudi Moshi na familia. Juni 2024 nilifungua madai ya fidia ya ulemavu VA, wizara ya Marekani ya maveterani, yaani waliowahi kuwa askari, nikaacha anwani ya shemeji yangu Texas. Agosti nilikwenda huko nikapimwa masikio, goti na mgongo. Oktoba waliniita tena kwa uchunguzi wa PTSD, yaani ugonjwa wa akili unaofuata matukio ya kutisha, barua ikaenda Texas, mimi nilikuwa nimesharudi huku. Anwani nilibadilisha Desemba. Uamuzi una tarehe 14 Februari 2025, ila niliupata Aprili kwa kuwa tunatumia sanduku la posta la shule anakofundisha mke wangu. Mlio wa masikio nimepewa asilimia 10 ya ulemavu. Goti la kulia wamelikubali, lakini kwa asilimia 0, ingawa nakala ya uchunguzi wa Agosti inasema linauma linapokunjwa. Mgongo, niliouumiza lori langu lilipoingia shimoni 2013, wamekubali kwamba upo na ajali ilikuwepo, ila wamekataa kwamba umetokana na jeshi. PTSD wamekataa. Kuna jamaa Arusha anasema atanishughulikia kwa nusu ya kila malipo ya mwezi. Je, nikate rufaa yote kwa pamoja? Ripoti ya daktari wa hapa itakubalika? Na pua yangu inaziba tangu kambi ya Bagram kule Afghanistan, nayo niiingize?

JIBU: Marahaba, mangi. Pole kwa mzunguko huo.

Nianze na huyo jamaa wa Arusha, maana anaweza kukugharimu kuliko mgongo wenyewe. Usisaini chochote. Sheria ya Marekani hairuhusu mtu kumtoza veterani ada kwa kumwandalia madai ya mwanzo. Uamuzi ukishatoka, wanaoruhusiwa kutoza ni mawakili na mawakala waliosajiliwa na VA tu, na kwa kawaida hulipwa kutoka kwenye malimbikizo, yaani fedha za miezi ya nyuma unazopewa mkishinda. Ada ya asilimia 20 ya malimbikizo huchukuliwa kuwa ya haki. Ikipita theluthi moja, huchukuliwa kuwa imezidi mpaka mwenyewe athibitishe vinginevyo. Kumwandikia mtu nusu ya fidia yako ya kila mwezi hadi uzeeni ni kitu ambacho sheria hiyohiyo imekikataza. Mwambie akuonyeshe jina lake kwenye orodha ya waliosajiliwa iliyoko kwenye tovuti ya VA. Asipoonekana humo, mazungumzo yameisha. Wapo watakaokuwakilisha bure: vyama kama Disabled American Veterans, American Legion na Veterans of Foreign Wars vina watu wenye usajili, na unawapa idhini kwa Fomu 21-22. Mimi mwenyewe niliandaa majalada ya namna hii nilipokuwa Marekani. Usajili wangu niliuacha nilipohamia Arusha, kwa hiyo sina kesi ninayotafuta hapa.

Sasa swali lako kuu. Hapana, usikate rufaa yote kwa pamoja. Umeandika kana kwamba barua moja ina uamuzi mmoja. Ina maamuzi manne, na kila moja limekwama mahali pake, au halijakwama kabisa. Ukiyarundika kwenye fomu moja utampa msomaji wa jalada kazi ya kutafuta kosa ambalo wewe mwenyewe hujalitaja, na kazi hiyo haifanyi.

Kabla ya njia, tarehe. Una mwaka mmoja kuanzia tarehe iliyoandikwa kwenye barua. Siku mwalimu alipoikuta kwenye sanduku la shule haihesabiwi. Mwisho wako ni 14 Februari 2026. Ukichukua hatua yoyote kati ya tatu zilizopo ndani ya mwaka huo, madai yako yanabaki hai tangu Juni 2024, na ukishinda utalipwa kuanzia Julai 2024. Ukichelewa, bado unaweza kurudi na ushahidi mpya hata baada ya miaka kumi, ila malipo yataanza pale uliporudi. Kwa mtu mwenye mgongo na PTSD hiyo si hela ndogo. Kwa viwango vya 2025, asilimia 10 ni dola 175.51 kwa mwezi, na asilimia 70 kwa asiye na mtegemezi ni dola 1,759.19. Piga hesabu ya miezi ishirini.

Njia zenyewe zimekuwepo tangu 19 Februari 2019, sheria ya rufaa iliyosainiwa 2017 ilipoanza kutumika. Ya kwanza ni dai la nyongeza, kwenye barua utaliona kama Supplemental Claim, Fomu 20-0995: hapo unaleta ushahidi mpya unaohusu jambo lililokataliwa. Ya pili ni mapitio ya ngazi ya juu, Higher-Level Review, Fomu 20-0996: ofisa mwingine mwenye uzoefu zaidi anasoma jalada lilelile, na huruhusiwi kuongeza hata karatasi moja. Ya tatu ni rufaa kwa majaji wa Bodi ya Rufaa za Maveterani kule Washington, Fomu 10182. Kwa mbili za kwanza VA imejiwekea lengo la wastani wa siku 125. Bodi, hata kwa foleni yake fupi isiyo na ushahidi mpya wala kusikilizwa, lengo ni siku 365, na foleni nyingine ni ndefu kuliko hiyo. Hupaswi kwenda Bodi sasa. Bodi ni ya mtu ambaye ushahidi wake umekamilika na anabishana na VA juu ya maana ya sheria, na wewe hujafika huko. Jambo lilelile haliwezi kupita njia mbili kwa wakati mmoja, lakini mambo tofauti ya barua ileile yanaweza kwenda njia tofauti.

Mlio wa masikio uache. Asilimia 10 ndiyo ya juu kabisa kwenye jedwali kwa mlio, uwe sikio moja au yote mawili.

Goti lipeleke mapitio ya ngazi ya juu. Unasema nakala ya uchunguzi wa Agosti imeandikwa kwamba goti linauma linapokunjwa, lakini wakakupa sifuri kwa sababu linakunjika hadi mwisho. Kanuni ya 4.59 ya sehemu ya 38 ya kanuni za shirikisho inasema kiungo chenye maumivu yanayotokana na jeraha la utumishi kinastahili angalau kiwango cha chini kinacholipwa kwa kiungo hicho, na kwa goti ni asilimia 10. Ushahidi tayari umo jaladani, ila aliyeamua ameuruka. Andika hivyo kwa sentensi tatu, taja kanuni, taja ukurasa wa uchunguzi, basi. Kwenye fomu kuna sehemu ya kuomba mazungumzo ya simu na ofisa atakayepitia. Yaombe, na chagua asubuhi ya Marekani, maana saa mbili asubuhi ya Washington huku ni saa tisa au saa kumi jioni kutegemea majira yao. Ukiwa na mwakilishi aliye Marekani, andika simu yake yeye. Hutaki ofisa apige namba ya +255 mara mbili, asipate mtu, aendelee bila wewe.

Wala usilidharau hilo goti la sifuri hata kabla halijapanda. Limeshakubaliwa kwamba ni la jeshini. Matibabu yake yanaweza kurudishiwa gharama hata ukiwa Tanzania, kupitia mpango wa VA wa matibabu ya nje ya nchi unaoitwa Foreign Medical Program, ambao unahusu magonjwa yaliyokubaliwa, ya sifuri yakiwemo. Tena ugonjwa mwingine ukithibitika kuwa umesababishwa au kuzidishwa na goti hilo, nao unaingia kwa mlango wa pili. Nitarudi hapo kwenye mgongo.

Barua yako pia ina sehemu yenye kichwa Favorable Findings, watu huiruka kwa sababu haina hela. Isome kwa kalamu mkononi. Kila kitu kilichoandikwa pale, kwa mfano kwamba una tatizo la mgongo sasa, au kwamba lori lako liliingia shimoni 2013 na ukaumia, kinawafunga maofisa na majaji watakaofuata, isipokuwa uonekane ushahidi wa wazi usio na shaka wa kukipinga. Kwa hiyo usipoteze nguvu kuthibitisha upya walichokwisha kukubali.

Mgongo sasa. Fidia ya VA inataka vitu vitatu: ugonjwa uliopo leo, tukio la wakati wa utumishi, na uzi unaoviunganisha. Kwako viwili wamevikubali. Kilichokosekana ni uzi. Daktari wa Agosti aliandika kwamba haielekei mgongo umetokana na jeshi kwa sababu kuna kumbukumbu moja tu ya 2013, kisha kimya hadi 2023. Hoja hiyo ni dhaifu. Mahakama zao zimesema tangu 2006, kesi ya Buchanan, kwamba maelezo ya mtu juu ya maumivu yake hayatupwi kwa sababu tu hakuna karatasi ya hospitali ya wakati ule. Ungeweza kupigana kwa hoja hiyo peke yake kwenye mapitio. Mimi nisingefanya hivyo. Ningeleta maoni ya daktari mwingine kwa njia ya dai la nyongeza, kwa sababu maoni mabaya ya kitabibu hushindwa haraka zaidi na maoni bora ya kitabibu.

Na ndiyo, daktari wa hapa anakubalika. Bingwa wa mifupa wa hospitali ya KCMC hapo Moshi au wa Arusha ni daktari. Ripoti zetu huandikwa kwa Kiingereza tangu zamani, kwa hiyo huna hata gharama ya mfasiri. Tatizo la ripoti za huku ni namna zinavyoandikwa. Ile barua ya nusu ukurasa yenye muhuri wa bluu, inayosema mgonjwa huyu anajulikana kwetu na anasumbuliwa na kiuno, apewe msaada unaostahili, haina uzito wowote kule, hata ikisainiwa na profesa.

Ripoti yenye uzito inaanza kwa kusema daktari amesoma nini: kumbukumbu zako za matibabu za jeshini, uchunguzi wa Agosti 2024, picha za eksirei au MRI na tarehe zake. Kwa hiyo wewe ndiye wa kumpelekea hizo nakala. Kama huna jalada lako lote, liombe VA kwa Fomu 20-10206 leo, kwa maana huchukua muda. Kisha atoe jina la ugonjwa. "Maumivu ya kiuno" ni dalili tu. Anachotakiwa kutaja ni hali ya diski na pingili. Apime mkunjo wa mbele kwa nyuzi, kwa kipimo cha goniometa na si kwa jicho, na aeleze unavyokuwa siku mgongo unapokaza. Namba hizo ndizo zinazoamua asilimia: mkunjo wa mbele ukivuka nyuzi 60 bila kuvuka 85 ni asilimia 10, ukivuka 30 bila kuvuka 60 ni 20, na ukiwa 30 au chini ni 40. Halafu atoe maoni kwa maneno ambayo VA inayatafuta, nayo yabaki kwa Kiingereza hivyohivyo: "at least as likely as not". Maana yake uwezekano ni nusu au zaidi. Madaktari wetu wengi wanaogopa hapa. Wanadhani wanaombwa kuapa kwamba ndivyo ilivyokuwa. Mweleze kwamba sheria yenyewe inampa veterani faida ya shaka pale mizani inapolingana, kwa hiyo hatakiwi kuwa na uhakika kamili, na asiandike "huenda" wala "inawezekana", maana maneno hayo VA inayahesabu kuwa kubahatisha.

Mwisho, na hapa ndipo ripoti nyingi hufa, atoe sababu. Miaka ya kuendesha lori zito kwenye njia mbovu huku umevaa vazi la kujikinga risasi hufanya nini kwenye pingili? Ajali ya 2013 ilipiga sehemu ileile inayoonekana kwenye picha leo? Kwa nini mtu wa miaka thelathini na kitu awe na diski za namna hiyo? Ukimya wa 2013 hadi 2023 unaelezwaje, ulikuwa unameza vidonge vya dukani? Na kama yeye mwenyewe, baada ya kukuona unavyotembea, anaona goti la kulia limekufanya uegemee upande mmoja na kuuzidisha mgongo, aandike hilo kama hoja ya pili inayojitegemea. Ndio mlango wa pili niliosema. Ila isitoke mdomoni mwako kwanza. Daktari aliyeandikiwa ripoti na mgonjwa hujulikana kwa aya mbili.

PTSD nayo iende kwa dai la nyongeza, ila kwa sababu nyingine. Hukupimwa, kwa hiyo wakaamua kwa karatasi zilizokuwepo, na hazikutosha. Ungekuwa umebadilisha anwani kabla ya Oktoba, ningekuambia ukaombe mapitio kwa sababu kosa lingekuwa la kwao. Ulibadilisha Desemba. Basi eleza hivyo bila kulaumu mtu: anwani ilikuwa ya shemeji, wewe ulikuwa Kilimanjaro, sasa anwani na simu ni hizi, unaomba uchunguzi upangwe upya. Lakini ombi peke yake halitoshi, lazima liambatane na ushahidi mpya. Anza kumwona daktari wa magonjwa ya akili hapa, kwa ajili yako kwanza, na maandishi yake ya matibabu yatakuwa huo ushahidi.

Usitegemee ripoti yake imalize kazi, hata hivyo. Tangu 2010 kanuni inaruhusu veterani aliyekuwa na hofu ya kushambuliwa kuthibitisha tukio kwa maelezo yake mwenyewe, lakini kwa sharti kwamba mwanasaikolojia au daktari wa akili wa VA, au aliyepewa kandarasi na VA, ndiye athibitishe. Kama cheti chako cha kutoka jeshini kina Combat Action Badge, njia ni nyepesi zaidi, maana kwa aliyepigana maelezo yake hupokelewa yakipatana na mazingira ya vita. Angalia cheti hicho leo usiku.

Uchunguzi ukipangwa, nakuomba jambo moja ambalo wazungu hawahitaji kuambiwa. Sisi tukiulizwa hali tunajibu nzuri, namshukuru Mungu, hata kama tumebebwa kwa machela. Ukiingia chumbani, daktari atakuuliza habari kwa adabu tu, utajibu uko vizuri, naye ataandika kwamba mgonjwa anasema yuko vizuri. Nimeyasoma maneno hayo kwenye majalada ya vijana wa Kenya na Tanzania waliokuwa hawalali usiku kucha. Na sisi watu wa mlimani tuna lile la ziada la mwanaume kutolalamika. Pale huendi kulalamika, unakwenda kutoa taarifa. Sema ya siku mbaya, zinatokea mara ngapi, zinakuzuia nini. Usiongeze chumvi pia, kwa sababu wana maswali ya kumkamata anayeongeza.

Mke wako aandike maelezo yake kwenye Fomu 21-10210. Aandike alichokiona kwa macho, asitoe utabibu: kwamba unaamka saa nane unakagua milango, kwamba kwenye basi la kwenda Arusha huwezi kukaa hadi Usa River bila kusimama, kwamba ulikuwa unabeba mkungu wa ndizi na sasa huinui ndoo. Mwenzako wa kwenye lori la 2013 akipatikana, maelezo yake yana thamani kubwa kuliko ya ukoo mzima. Usiwapeleke kwa wakili kugonga muhuri. Fomu ina tamko la ukweli, saini na tarehe vinatosha.

Ya pua ni nyepesi kuliko zote na wewe umeitaja kwa kupita. Usiiingize kwenye rufaa, haijawahi kuamuliwa. Ni dai jipya, Fomu 21-526EZ. Sheria ya PACT ya 10 Agosti 2022 inachukulia kwamba aliyetumikia Afghanistan alivuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka, na mafua sugu (rhinitis) na yale sugu ya matundu ya mifupa ya uso (sinusitis) yamo kwenye orodha ya magonjwa ambayo uzi wake haudaiwi. Unachohitaji ni daktari wa pua na koo aandike kwamba ugonjwa ni sugu, na kumbukumbu za kupelekwa kwako Afghanistan.

Kila unachotuma, kipakie kwenye tovuti ya VA na uhifadhi risiti ya kupokelewa. Posta iache. Sanduku la shule limeshakula miezi miwili ya mwaka wako.

Tuseme yote yamekwenda vizuri: PTSD 50, mgongo 20, goti 10, masikio 10. Usitegemee 90. VA huanza na mtu mzima wa 100, wanaondoa 50, kisha asilimia 20 ya kilichobaki, na kuendelea hivyo. Unafika 68, wanaizungusha kuwa 70. Kuanzia asilimia 30 kuna nyongeza ya mke na watoto, na hiyo haiji yenyewe. Kama cheti cha ndoa au vyeti vya kuzaliwa vya watoto bado viko kwenye foleni ya RITA, wakala wa usajili wa vizazi na ndoa, vifuatilie sasa, kwa sababu Fomu 21-686c ikiingia ndani ya mwaka mmoja tangu barua ya kukupandisha, nyongeza hulipwa kuanzia tarehe ileile ya kupanda kwako.